Kiingereza na Kibelgiji Uani kwa Babu

Atukuzwe Mungu aliyenizeesha bila kuninyima masikio. Macho ameyapunguza, miguu ameipunguza, masikio ameniachia, nami nashukuru.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipeleka mjini, Somanda, kwa gari lake jipya. Tuliposhuka akausukuma mlango kidogo tu, nao ukajifunga: tap. Laini, kama kifuniko cha sanduku jema. Nikasimama pale huku bodaboda zikinipigia honi. Mlio ule niliujua tangu utotoni, na haukuwa wa mlango. Ulikuwa wa bunduki ya babu.

Babu alinilea peke yake, upande wa Dutwa, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mama alikuwa amefariki, na bibi pia. Babu hakuwa mtu wa maneno. Tulikula michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyotafuna. Juma zima nilizungumza na kuku.

Jumapili ndiyo ilikuwa na sauti. Baada ya ibada jirani yetu, mzee mnene mwenye utani, alikuja na bunduki yake begani, akisalimu kwa Kisukuma:

"Mwangaluka, bhabha! Mgonjwa wako wa Kiingereza ameamkaje?"

Babu alicheka, na ni siku hiyo tu nilipoyaona meno yake.

Bunduki zao zote zilikuwa za mitutu miwili, za kufukuzia nyani shambani. Ya babu ilitoka Uingereza. Aliachiwa na mnunuzi wa pamba aliyerudi kwao. Ilikuwa nyepesi, kitako cha mti wenye mawimbi kama maji, na kwenye chuma chake walichorwa ndege wadogo hata manyoya yao yalionekana. Ya jirani ilikuwa ya Mbelgiji, nzito, haina ua wala ndege. Ukiifunga ilisema kwacha, kama sufuria.

"Sikiliza," babu alisema, akiifunga yake: tap. "Hapo hata unywele haupiti. Hii ilitengenezwa kwa mikono."

"Mikono ya huko, kwa bega la huko! Umevaa suti ya marehemu, bhabha. Ya kwangu ikivunjika, fundi baiskeli ataitengeneza. Ya kwako ikivunjika, tutaifanyia matanga."

Wote walisema kweli, ndiyo maana ubishi haukuisha. Mimi nilisonga ugali taratibu ili jirani asiondoke mapema.

Kisha Jumapili moja jirani akasema, "Leo tumalize. Tutundike nyungo mbili kuukuu kwenye ua wa minyaa. Atakayetoboa zaidi ndiye mwenye bunduki. Tusizungumze tena."

Nilikwenda jikoni nikalia. Babu akanifuata kuchukua ungo.

"Moshi?" akauliza.

"Mkimaliza, babu, Jumapili ijayo atakuja kufanya nini hapa?"

Alichukua ungo akatoka.

Jirani alipiga kwanza. Marisau, zile risasi ndogo ndogo zinazotawanyika, yakatoboa ungo wake, utomvu mweupe wa minyaa ukachuruzika. Babu akapiga. Ungo wake ukabaki mzima. Ungeweza kuupepetea mtama.

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Kiingereza kimepita juu kwenda kumsalimia Malkia!"

"Jua lilinipiga machoni," babu akasema. "Hiyo haihesabiki. Tutarudia."

Jua lilikuwa mgongoni mwake. Nami nilimjua babu: kanga akiruka hakumkosa.

Jumapili iliyofuata jirani aliwahi kuliko siku zote, na ubishi ukaendelea miaka mingi, kila mara na sababu mpya ya kurudia.

Babu alipofariki, jirani alikaa nami matangani. Aliomba bunduki ya Kiingereza, akaifungua, akaifunga. Tap. Akaisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna mtu anayekosa ungo, mjukuu," akaniambia. "Nilijua siku ile ile. Nikanyamaza, nipate pa kuja."

Sasa naye hayupo. Bunduki zilisalimishwa serikalini, ua wa minyaa uling'olewa, na nyumba yangu ni tulivu kama ile ya babu siku za katikati ya juma. Nasali, nashukuru, nasikiliza.

Wewe unayesoma, Mungu akupe mtu wa kubishana naye, na akuzuie kumshinda. Amina.