Dawa Iliyokatazwa na Wenye Maduka ya Nguo

Mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa karani wa kikundi chetu cha wakulima wa pamba, upande wa chini wa Siakago, ambako mvua ni ya kubahatisha na udongo ni mwekundu wenye kokoto. Kazi yangu ilikuwa kushika daftari. Mwanachama alipopalilia, alipopiga dawa, alipovuna, nilifika shambani kwake nikaandika. Daftari hilo lilisomwa na watu wa kiwanda cha kuchambua pamba, nao wakapeleka habari zake kwa mnunuzi, kampuni ya ng'ambo yenye maduka ya nguo katika miji ambayo sidhani nitaiona.

Kampuni hiyo ilikuwa imewaahidi wateja wake kwamba nguo zake hazitatokana na pamba iliyopigwa sumu kali, na kwamba itapunguza moshi unaoharibu majira ya dunia. Ahadi ilitolewa huko kwao. Ilipotufikia sisi ilikuwa karatasi mbili zilizobandikwa kwenye mlango wa stoo. Moja ilikuwa na majina ya dawa zilizokatazwa, kila jina na picha ya fuvu pembeni. Nyingine ilisema tusichome tena mabua ya pamba baada ya mavuno, tuyakatekate tuyazike yaoze, na tusikate miti kwa ajili ya makaa.

Mama yangu alinisikiliza nikimsomea karatasi ya pili, akacheka. Alikuwa amelima pamba tangu kabla sijazaliwa, na anawakumbuka maafisa wa kilimo waliokuja kumfokea alipochelewa kuchoma mabua, kwa kuwa funza hujificha humo.

"Wale walitulazimisha kuchoma, hawa wanatukataza," alisema. "Wote wanakuja na viatu safi."

Hata hivyo alikuwa wa kwanza kuweka kidole gumba kwenye fomu ya kukubali masharti hayo. Alifanya hivyo kwa sababu yangu.

Mvua ya msimu ule ilichelewa, ikanyesha majuma machache, ikakatika. Pamba ilipoanza kufunga vitumba, funza waliingia. Kiwanda kilikuwa kimetuahidi dawa iliyoruhusiwa na mnunuzi. Niliandika barua ya kuiulizia, nikaandika ya pili, dawa haikuja. Tukatwanga majani ya mwarobaini, tukayachanganya na sabuni, tukanyunyizia. Kwangu ilisaidia kidogo. Kwa Mama, ambaye shamba lake limepakana na langu na alikuwa ametangulia kupanda, ukifungua kitumba ulikuta funza amejikunja ndani na pamba imeoza ikawa kahawia. Kila jioni alipita mistari yake akivifungua kimoja kimoja. Hilo lilinitia hofu kuliko malalamiko ya wengine wote.

Ndipo tulipoletewa habari kwamba Alhamisi mkaguzi atafika kutoka Nairobi, achume majani na vitumba vya kupeleka maabara. Sheria tuliijua. Mmoja wetu akipatikana na sumu, pamba ya kikundi kizima inaweza kukataliwa.

Jumatano asubuhi nilienda kutazama mzinga wangu wa nyuki, uliotundikwa kwenye mgunga mpakani mwa mashamba yetu. Chini yake nyuki walikuwa wametapakaa kama maganda ya mtama. Wengine walikuwa bado hai, wakizunguka palepale mchangani, wasiweze kuruka. Niliinama nikaokota wachache kiganjani. Hewa ya upande wa Mama ilikuwa na harufu, kama ya kitunguu saumu kilichooza.

Nilimkuta nje ya nyumba yake akipepeta ndengu. Nikamwonyesha nyuki.

"Wamekufa kwa kiu," alisema.

Macho yake yalikuwa yakitoka machozi na pua inamtiririka. Akasema ni mafua. Nilimuuliza kama amepiga dawa nyingine zaidi ya mwarobaini, akajibu hapana, bila kuinua uso. Na hapa lazima niseme ukweli juu yangu: nilifurahi alipokana. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikafungua daftari kwenye ukurasa wenye jina lake, nikaandika kwamba mwezi ule alitumia mwarobaini tu. Nikaenda zangu.

Jua lilipofika utosini nilikuwa jikoni, nikasikia mlio wa pampu ya dawa kutoka ng'ambo ya mpaka. Mkono wa pampu unapopanda na kushuka hulia kama bawaba isiyo na mafuta, na ile ya Mama niliijua. Alikuwa anamalizia sehemu iliyobaki. Nilisimama na mwiko mkononi, nikajiambia kwamba nisipoona sitakuwa na la kuandika. Mlio ukaendelea, ukaendelea, kisha ukakatika ghafla. Nikangoja uanze tena. Haukuanza.

Nilikimbia. Nilimkuta ameketi katikati ya mistari, miguu imenyooka mbele, pampu bado iko mgongoni. Ilikuwa inavuja, nguo yake imelowa kuanzia mabegani hadi kiunoni. Mate yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta, na nyama za mapaja zilikuwa zinarukaruka chini ya ngozi. Nilipomtazama machoni, mboni zilikuwa zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Nimechoka tu," alisema.

Nilikata mikanda ya pampu, nikamvua nguo palepale, nikamburuta hadi kwenye pipa la maji, nikamwogesha kwa sabuni ya kufulia huku akitapika. Nikamuuliza ni dawa gani. Akageuza uso pembeni. Nikamuuliza tena, nikamwambia daktari atataka kujua, na kwamba dakika zinakwenda.

Alinishika mkono. Hakuwa na nguvu lakini alinishika.

"Ukitaja, watu wote wamepoteza," alisema. "Nikifa, sema ni presha."

Niliingia stoo yake nikapekua. Nilipata chupa ya maji ya kunywa, imejaa nusu, ndani kitu cheupe kama maziwa, bila karatasi wala jina. Mtu aliyempimia dawa kwenye chupa ya namna ile nilimjua. Ni mwenye duka la dawa za mimea pale Siakago, Mwislamu ambaye ukoo wake umeishi mjini humo tangu babu yake alipokuja na biashara ya ng'ombe na bucha. Sote tulimwita Hajji. Nilipiga simu, bodaboda ikaja, tukamweka Mama katikati yangu na dereva, amefungwa kwangu kwa leso ili asianguke, kichwa chake kinagongagonga kifua changu kila tulipopita shimo.

Dukani palikuwa na wateja, na mmoja wao alikuwa mke wa mwenyekiti wa kikundi chetu. Niliona akinitazama, akamtazama Mama, akaitazama chupa. Bado ningeweza kumwomba Hajji tuzungumze nyuma ya duka. Lakini nyuma yangu mlangoni Mama, ameshikiliwa na dereva wa bodaboda, alikuwa anavuta pumzi kwa kelele, kama mtu anayevuta maji kwa mrija.

"Hajji," nikasema, "ulimpimia mama yangu dawa gani?"

Aliwatazama wateja. Naye alikuwa na la kupoteza, maana kupimia sumu kwenye chupa za maji ni kosa na leseni yake ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya kichwa chake. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoka na mkebe wenye fuvu jekundu.

"Chukua wote," alisema. "Daktari asome mwenyewe."

Nililitambua jina lililoandikwa kwenye mkebe kabla hajanikabidhi. Lilikuwa la tatu kutoka juu kwenye karatasi ya mlangoni mwa stoo. Hajji akafunga duka wateja wakiwa bado wamesimama, akaleta pikapu yake, tukampeleka Mama hospitali.

Muuguzi aliyetupokea aliusoma mkebe akiwa anatembea, na sindano ya kwanza ilichomwa kabla sijaandikisha jina la mgonjwa. Walimchoma tena na tena, wakipima mapigo, wakifungua macho yake kutazama mboni. Daktari aliniambia nimefanya vema kuja na mkebe. Alasiri walituhamishia Embu. Ndugu yangu anayeishi palepale Embu, mtaa wa Dallas, alitukuta hospitalini, na wakati wa magharibi mapaja ya Mama yalikuwa yameacha kurukaruka. Alikuwa amelala. Mimi nilikuwa nawaza daftari.

Kulipokucha nilimwachia ndugu yangu zamu, nikapanda gari la kwanza kurudi. Mwenyekiti alikuwa ananingoja barabarani. Mke wake alikuwa amemweleza. Ni mtu mpole, mzee wa kanisa, na aliongea kwa upole.

"Karani, Mama atapona, tumeshukuru Mungu," alisema. "Sasa tuokoe wengine. Andika kwamba alijitoa kwenye kikundi mwezi uliopita. Mkaguzi hatachuma kitu kwake."

Nilimwambia nitafikiria. Tulitembea pamoja hadi stoo, na njia nzima nilikuwa nafikiria kweli. Kosa la Mama lingefutika, na langu pia. Watu niliowaandika kwenye kurasa nyingine, waliotwanga mwarobaini hadi viganja vikachubuka, wangeuza pamba yao. Mwenyekiti alikuwa ameshanipa kalamu.

Mkaguzi alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotarajia, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi. Alikunywa chai tuliyompa, akaomba daftari, akaanza kulisoma ukurasa baada ya ukurasa. Wanachama walikuwa wamekaa kwenye viroba. Alipofika kwenye ukurasa wa Mama akaweka kidole.

"Huyu ndiye aliyetangulia kupanda," alisema. "Kwa wenzake wote imeandikwa funza wengi. Yeye mwarobaini ulimtosha?"

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Nilisikia mtu akikohoa nyuma yangu.

"Si kweli," nikasema. "Niliandika mimi, na nilipoandika nilijua si kweli."

Nilimweleza yote. Nyuki, pampu, chupa, mkebe, hospitali. Sikumwacha Hajji nje, ingawa nilisema pia kwamba bila yeye ningekuwa natafuta jeneza. Kisha nikatoa nakala za barua zangu mbili za kuiulizia ile dawa iliyoruhusiwa, nikaziweka juu ya daftari. Nilisema kwamba ahadi ya kampuni ilikuwa imefika kwetu kwa wakati, lakini dawa haikufika.

Nilidhani atauliza lita ngapi, mistari mingapi. Aliuliza kwanza, "Mama yuko wapi sasa?"

Nikamwambia. Alizisoma barua zangu, akazipiga picha kwa simu yake. Hakuahidi kitu. Siku ile alichuma sampuli kwenye kila shamba, la Mama likiwemo, akazitia kwenye mifuko akaondoka nazo.

Pamba yetu ilikaa stoo wiki nyingi bila kununuliwa. Majibu yalipokuja, walio safi waliruhusiwa kuuza. Pamba ya Mama ilikataliwa, na ya jirani yake wa upande wa pili, ambaye upepo ulimfikishia dawa, na huyo alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Katika mkutano uliofuata waliniondoa kwenye ukarani. Waliopiga kura walikuwa watu wangu, na sikubishana nao, kwa kuwa nilikuwa nimeandika uongo. Lililoniuma ni kwamba wengi walionichukia hawakunichukia kwa uongo huo. Walinichukia kwa kuufuta. Kwa miezi kadhaa wapo walionipita kisimani bila salamu.

Mama alikaa Dallas kwa ndugu yangu kwa muda hadi mikono ikatulia. Hajji alimtembelea huko, akaleta mkate na maziwa, akakaa ukingoni mwa kochi akiomba msamaha. Mama akamwambia asijisumbue. Ni yeye Mama aliyemwomba ile dawa mara mbili, Hajji akamkatalia, na mara ya tatu akamlilia hadi akampa. Hajji alipoondoka tulikaa kula. Aliniambia nilimtia aibu mbele ya wateja. Nikakubali.

Kisha akaniuliza, "Hao watu wa nguo, wanajua niko duniani?"

Nikamwambia tu kwamba msichana waliyemtuma, kabla ya kuuliza habari za pamba, aliuliza yeye yuko wapi.

Mama alitafuna taratibu, akafikiri.

"Basi huyo ana mama," alisema.

Msimu uliofuata dawa iliyoruhusiwa ililetwa kabla ya mvua, kwa gari la kiwanda, na karani mpya akatufundisha kuipima. Mama hakupanda pamba mwaka huo. Alipanda ndengu shamba zima, na zilipokuwa tayari alinituma mimi nimpelekee mwenyekiti debe moja. Niliogopa njia nzima. Alinipokea mlangoni, akalichukua, akamwita mke wake aniletee kiti.