Mume Mwembamba wa Mwanabaraka

Ukitaka kumpata Mwanabaraka asubuhi, usiende kwake Mtoni. Nenda soko la Tandika, upande wa viungo, umuulize yeyote. Miaka ishirini na kitu amekaa pale nyuma ya makopo yake ya hiliki, karafuu, pilipili manga na binzari nyembamba, na pua yake imezoea kiasi kwamba anaweza kukuambia mdalasini huu ni mpya au ni ule uliolala ghalani, bila hata kuugusa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mwepesi wa kucheka na wa kuchekesha. Siku hizi kucheka kumepungua. Wateja wa zamani wanajua sababu na hawamuulizi. Wapya wanadhani ndivyo alivyozaliwa.

Mumewe, Faraji, ni fundi makochi wa Keko. Alikuwa mtu wa kula, na hilo si kumsengenya, mwenyewe alijisifia. Kabla ya kutoka nyumbani alimaliza vitumbua sita na bakuli zima la mbaazi za nazi, akashushia chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha watu watatu. Saa nne, akiwa kazini, alikula supu ya utumbo na chapati mbili. Kitambi chake kiliingia mlangoni kabla yake. Mwanabaraka alikitazama kitambi kile kwa fahari, kwa sababu kwao mke hupimwa hapo: mume akinawiri, mke anajua kupika na nyumba ina amani, mume akikonda, basi kuna jambo, na jambo lenyewe lazima liwe la mke.

Ndipo Faraji alipoanza kunywa maji bila kukata kiu na kuamka mara nne kwenda chooni. Walipokwenda zahanati, kipimo cha sukari kilisoma kumi na nane, juu mno. Muuguzi wa kliniki ya sukari, Atuganile, mama wa Kinyakyusa asiyejua kubembeleza, aliwakalisha wote wawili.

"Dawa mtapewa," alisema. "Lakini dawa haiwezi kushindana na hayo mavitumbua. Baba, huu ugonjwa unapenda miguu. Mguu unakufa ganzi kwanza, huna habari, halafu siku moja kidonda kidogo tu, tunakata. Mama, asubuhi mpe chakula kidogo, chepesi, kisicho na sukari wala mafuta. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, sista," alisema Mwanabaraka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiitazama miguu ya mumewe ndani ya kandambili.

Wiki ya kwanza ilikuwa msiba. Mwanabaraka alimpa uji wa ulezi mtupu na yai moja la kuchemsha. Faraji aliunywa amekunja uso, akaaga kwa upole, na saa nne akala chipsi mayai. Hakusema, lakini mke hakuhitaji kuambiwa, maana shati lilirudi na mafuta kwenye pindo la mkono. Hakumgombeza. Alielewa kwamba mtu mzima mwenye kupiga misumari kutwa hawezi kudanganywa na bakuli la uji usio na ladha.

Jibu lilimjia akiwa kazini. Kila asubuhi alipokuwa akitwanga viungo, alikuwa akisahau kula mpaka saa sita. Hakuwahi kujiuliza kwa nini. Siku ile akajiuliza. Harufu ilikuwa inamkinaisha. Akaanza kuona kwamba kinachomfanya Faraji aongeze kitumbua cha sita si tumbo, maana tumbo lilishajaa kwenye cha tatu. Ni ulimi uliokuwa bado unatafuta kitu. Basi akaamua kuushughulikia ulimi.

Kesho yake hakuanza na unga. Alichemsha maji na vijiti viwili vya mdalasini, akayaacha yachemke taratibu mpaka jiko likanukia utamu, ndipo akakoroga ulezi, akamalizia na hiliki iliyopondwa papo hapo na chembe ya kungumanga. Uji ukawa mtamu bila sukari hata punje. Pembeni akaweka choroko za kuchemsha, kikombe kimoja tu, alizozikaangia binzari nyembamba kwenye sufuria kavu, bila mafuta, akatia tangawizi, limau na pilipili mbuzi kidogo. Ile pilipili ilikuwa na kazi yake. Mtu hawezi kubugia kitu kinachowasha. Anakula, anapumua, anakunywa funda la uji, anarudi. Bakuli alilokuwa akilimaliza kwa dakika tatu lilimchukua robo saa, na tumbo likapata muda wa kutoa taarifa.

Alikosea mara kadhaa. Kungumanga ikizidi, Faraji alisinzia juu ya mbao. Karafuu ikizidi, alilalamika kwamba kinywa kinanuka kama cha bibi arusi. Lakini ndani ya wiki tatu mafuta yakatoweka kwenye shati. Mtindi usio na sukari ukaingia, pamoja na tango na binzari nyembamba iliyosagwa. Yakaingia na maharage, na nyanya za kuchoma zenye pilipili manga. Miezi mitatu baadaye kipimo kilisoma nane, na Faraji akachukua msumari akatoboa tundu jipya kwenye mkanda.

Atuganile, yule asiyejua kubembeleza, aliangalia kadi mara mbili. "Mama, umefanyaje?" Aliposimuliwa, alimwomba Mwanabaraka aje Jumanne na makopo yake awafundishe wanawake wengine pale kwenye mabenchi. Akaenda. Alisimama mbele ya watu arobaini, akawanusisha mdalasini, akawachekesha. Mmoja alipouliza kama mdalasini unaponya sukari, alijibu, "Hapana mwanangu, unaponya hamu. Dawa kunywa kama ulivyoambiwa." Hakuna siku aliyopata kujiona mtu kama siku ile. Akawa anakwenda kila Jumanne.

Sasa, watu. Hakuna aliyekuja kuuliza kipimo kimesoma ngapi. Kilichoonekana mtaani ni shingo ya Faraji iliyobaki mishipa na mashati yaliyomning'inia. Wapo waliosema kakanyaga miwaya, yaani ana ukimwi. Waliojiona wastaarabu zaidi walisema mke anampa uji kama mtoto aliyeachishwa ziwa ili pesa ibaki. Na aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa wifi yake, Somoe, dada mkubwa wa Faraji, mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila jambo na hakuwahi kulimeza hata moja.

"Wifi, kaka yangu unampa nini?" alimuuliza siku moja mlangoni, hata hajakaa.

"Ni sukari, wifi. Hospitali wamempangia chakula."

"Sukari! Mama yetu alikuwa na sukari, na alikufa na mashavu yake."

Mwanabaraka alicheka ilhali moyo unamuuma. Hilo angeweza kulivumilia. Kilichomshinda ni arusi ya Buguruni.

Ilikuwa arusi ya mpwa wa Faraji, shughuli ya wanawake, alasiri, taarabu ikipigwa chini ya turubai. Kila mtu anajua mambo ya pale: wimbo ukifika penye neno lako, unainuka na noti yako kwenda kumtunza mwimbaji, na unayemkusudia unamwonyesha kwa jicho au kwa kidole. Mwimbaji alikuwa kwenye wimbo wa mke mchoyo anayempa mume njaa. Somoe akainuka. Hakwenda moja kwa moja. Alicheza polepole kupita katikati ya meza, noti juu, akasimama mbele ya Mwanabaraka, na pale kidole kikakaa, karibu na pua, mpaka ubeti ukaisha. Turubai zima likapiga vigelegele. Wanawake waliokuwa wakinunua kwake karafuu walikuwa wakipiga vigelegele.

Angeweza kuinuka naye, akamtunza mwimbaji, akajibu. Ulimi alikuwa nao. Angeweza kusema pale pale, jamani, mume wangu miguu yake iko salama kwa huo uji. Alichukua mkoba wake akaondoka pilau haijapakuliwa. Alipofika nyumbani, Faraji alikuwa barazani anabadilisha kitambaa cha kiti cha mteja. Aliyaona macho ya mkewe, mekundu.

"Kuna nini?"

"Moshi," alisema, akapita ndani, akaloweka mchele wa vitumbua.

Asubuhi nyumba ilinukia nazi. Hiliki ile ile iliyokuwa ikiutuliza ulimi, siku ile iliuita. Faraji alikaa mkekani, akatazama sahani, akamtazama mkewe.

"Leo vitumbua?"

"Leo tu," alisema Mwanabaraka, akakaa mbele yake kumtazama. Faraji akala, vyote sita. Moyo wa Mwanabaraka ulitulia, na hilo ndilo analolijutia kuliko mengine, kwamba ulitulia.

Kesho yake ikawa leo tu, na keshokutwa vilevile. Baada ya mwezi mmoja, mashati yakaanza kumkaa. Jirani akamsimamisha njiani: "Aa, shemeji kanawiri, mashallah." Somoe alikuja, akaletewa sahani iliyojaa, akala, akasema sasa huyu ndiye kaka yangu. Mwanabaraka akapokea sifa kwa mikono miwili. Kila siku alijiambia kwamba ataanza tena kuchemsha mdalasini Jumatatu.

Mwenye akili timamu angempeleka kliniki. Ila huko nako kulikuwa na aibu yake. Angeingiaje pale, yeye mwalimu wa Jumanne, na mume mwenye kitambi? Angesimamaje mbele ya wale wanawake arobaini? Kwanza akaacha kwenda kufundisha, akasingizia mafua. Halafu akawa anamtuma mtu kuchukua dawa tu. Kipimo kidogo cha sukari walichonunua kwa matumizi ya nyumbani akakitia kabatini chini ya mashuka, kwa sababu alijua kitasema nini. Atuganile alipiga simu mara mbili. Mara zote mbili Mwanabaraka aliitazama ikiita mpaka ikakoma. Alikwepa maneno ya watu kwa kumficha mumewe asionwe na watu pekee waliokuwa wakimsaidia. Hakuna namna nzuri ya kulisema hilo, na mwenyewe hajaribu.

Ulipita mwaka kasoro wiki chache. Faraji alirudi kutoka Keko jioni moja, na Mwanabaraka akaona alama za damu kwenye sakafu, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Msumari wa fremu ya kochi ulikuwa umepenya kandambili ukaingia kisiginoni. Faraji hakuwa na habari. Alikuwa ametembea nao tangu mchana.

"Hauumi," alisema, akishangaa, anaupapasa mguu. "Wala sisikii kitu."

Mwanabaraka ndiye aliyesikia. Kidonda kilioshwa, kikafungwa, kikaoza. Wiki ya tano, hospitalini, waliukata mguu wa kulia chini ya goti. Kabla ya hapo daktari kijana alikuwa amesimama na kadi mkononi, amekasirika kwa haki. "Kipimo kilikuwa nane, kimefikaje ishirini na mbili? Nani anapika nyumbani?"

"Mie," alisema Mwanabaraka.

"Mie ndiye niliyekuwa nakula, daktari," alisema Faraji kutoka kitandani. "Niulize mie."

Somoe alikuja wodini na hotpoti. Alilia sana, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Alisema ni amri ya Mungu. Mwanabaraka alitamani amlaumu, alitafuta hasira ikakosekana. Kidole kilikuwa cha Somoe, lakini chuma cha kuchomea vitumbua kilikuwa chake yeye.

Walirudi Mtoni. Asubuhi ya kwanza aliamka mapema, akachemsha maji na vijiti viwili, akaponda hiliki, akakaanga binzari nyembamba kwenye sufuria kavu. Mikono haikuwa imesahau. Alimpelekea mkekani, akageuka aondoke, maana kukaa na kumtazama akila asingeweza.

"Kaa," alisema Faraji. Alikunywa funda la kwanza, akafumba macho. "Huu ndio uji."

Hapo Mwanabaraka akashindwa. "Nisamehe, mume wangu. Nilijiambia unaumia njaa. Nilijiambia nakuhurumia."

"Njaa gani?" Faraji aliweka bakuli chini. "Mie nilikuwa nashiba. Ule uji na choroko zako nilikuwa nashinda navyo mpaka saa saba, mafundi wenzangu wananiita kwenye supu siendi. Sikukwambia?"

Hakuwa amemwambia. Mwanabaraka alimtazama.

"Sasa vitumbua ulikula vya nini?"

"Ulirudi arusini unalia. Hukusema, lakini Somoe namjua. Asubuhi ukanikalia mbele hivi, unanitazama kama nitakula au sitakula. Nikasema nikivikataa, huyu atalia tena. Nikala."

"Mwaka mzima?"

"Kila siku nilikuwa nangoja useme basi."

"Na mie nilikuwa nangoja wewe ukatae."

Faraji alilimaliza bakuli polepole, kwa sababu ya ile pilipili, kisha akamwomba amsogezee magongo.