Kesi ya Mjomba

Mjomba wangu ni fundi viatu, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: aliwahi kushinda kesi. Ujanani alikamatwa pamoja na mafundi wenzake, waliposimama nje ya ofisi ya manispaa kupinga kufukuzwa vibarazani. Mahakama kuu ikasema katiba inawapa raia haki ya kukusanyika kwa amani bila kumpigia mtu magoti. Tangu siku hiyo anaitwa Mshindi, jina alilojipa mwenyewe, na gazeti lililoandika habari ile bado linaning'inia kibandani kwake, limepauka hata picha yake haionekani.

Haki yenyewe haikufutwa. Ilimegwa, kesi baada ya kesi. Jaji mmoja akasema kuwapa polisi taarifa si kuomba ruhusa. Mwingine akasema polisi wakishapewa taarifa wanaweza kukataa. Wa tatu, msomi kwelikweli, akasema kukataliwa si kunyimwa haki, maana uwanja wa mpira upo, wakakusanyike huko. Uwanja una kufuli mpaka leo. Kila mmoja wao alianza kwa kuimwagia sifa kesi ya mjomba, kisha akaipunguza. Mjomba alisikia sifa tu. "Wamenitaja tena!" alitutangazia, kifua mbele, bonge la mpumbavu.

Mwaka huu mtaa wetu ulikatiwa maji. Wanawake tukasimama nje ya ofisi ya maji na ndoo tupu, polisi wakatuzoa sisi na ndoo zetu. Nilipopata dhamana nilimkimbilia mjomba.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," alisema. "Wakiisikia kesi yangu tu, unarudi nyumbani."

Nikamwamini. Nina mtoto wa kunyonya, ningemwamini yeyote.

Siku ya hukumu alikuja na tai, akakaa mstari wa mbele karibu na mama yangu, dada yake, aliyempakata mwanangu. Hakimu akaitaja kesi ya fundi viatu, akaiita nguzo ya uhuru wetu. Kisha akasema nguzo hiyo haikuwahi kumaanisha watu wasimame popote wanapotaka. Miezi miwili jela.

Nilimgeukia mjomba. Alikuwa anatabasamu, anaangaza huku na huku aone nani mwingine amesikia.

"Dada, umesikia? Nguzo!"

Mama aliinuka, akamwekea mtoto mapajani.

"Haya, Mshindi. Mnyonyeshe."