Uzito wa Majirani

Wiki iliyopita, pale Kisanga, binti mmoja alishikwa na uchungu na mtoto akagoma kutoka. Hospitali iko Mikumi, na barabara ni mashimo matupu. Nikajitokeza na pikapu yangu mpya, ambayo nimesifia ulaini wa springi zake hadi mke wangu amechoka kunisikiliza. Lakini binti hakuweza kukaa, na bodi ya pikapu yangu ni fupi, hawezi kulala akajinyoosha.

Ikabaki pikapu kuukuu ya mfanyabiashara wa mahindi, yenye springi ngumu za kubebea magunia.

"Hiyo inarusha!" nikafoka. "Itamuua njiani!"

"Inarusha ikiwa tupu, mzee," dereva akajibu, huku akifungua mlango wa bodi.

Mama wa binti akawageukia wanaume wa jirani waliokuwa wamekusanyika. "Mmesimama mnaangalia nini? Pandeni!"

Wakapanda bila kuuliza. Wakaketi kwenye kingo za bodi na kumpa mgongo binti aliyelazwa katikati, kwa heshima. Springi zikashuka taratibu.

Nikafuata nyuma, nimeng'ang'ania usukani. Kila walipoingia shimoni nilisubiri yowe. Gari lilizama, likainuka polepole, na ile migongo ikayumba pamoja nalo. Yowe halikuja.

Mtoto alilia wodini Mikumi, wanaume wakiwa nje wanapangusana vumbi.

Sasa mkiniuliza pikapu ipi ni laini, ya zamani au ya siku hizi, nami nitawauliza: imepandwa na majirani wangapi?