Mashine ya Mto Ilivyobaki Garsen

Mimi sipendi kuharakishwa, na mkubwa wetu wa Hola alikuwa bingwa wa kuharakisha watu. Asubuhi hiyo aliingia ofisini kwetu Garsen na katoni tupu ya kompyuta.

“Dada, kama hii programu haitembei mpaka adhuhuri, mimi nabeba mashine. Hola iko watu wamesoma.”

Kwani mimi nilisomea kichakani? Nikavuta kiti, nikaketi mbele ya mashine.

Programu yenyewe ilikuwa ya mafuriko: unaipa kimo cha maji huko Garissa, inakuambia mto utatufikia lini. Ililetwa ikiwa maandishi tu, na ilibidi kompaila iyageuze yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Kompaila zilikuwa mbili. Ya zamani, iliyokuja na mashine, haikuyaelewa maandishi yale. Mpya niliiweka mwenyewe. Nikaandika CC=gcc, yaani tumia hiyo mpya, kisha nikaiita make, programu inayosimamia ujenzi wote. Makosa yakajaa kioo kizima. Ya zamani ndiyo iliyotumika tena! Nikarudia, yakawa yale yale. Mkubwa akaanza kukunja nyaya.

Nilikasirika. Halafu nikakumbuka mambo ya kwetu, maana mimi ni binti wa wafugaji. Kiangazi ng'ombe hushuka mtoni kwa malka, njia inayokatiza mashamba. Wazee wetu wakipatana na wakulima kuhamisha malka, kikao hakiishi mpaka wachungaji wote watangaziwe. Wasipoambiwa, ng'ombe watafuata njia ya jana na mahindi yataliwa. Mimi nilikuwa nimepatana na dirisha la kioo nililokuwa nikiandikia amri, basi. Make ilitumwa kazini bila kuambiwa kitu.

Nikaandika export CC, ili agizo lifikie kila programu itakayoanzia hapo. Nikaiita make tena. Mistari ikapita, ikapita, hakuna kosa hata moja.

“Imetembea?” mkubwa akauliza.

“Imetembea, mzee. Hizo nyaya zirudishe.”

Akazirudisha mwenyewe, huku akihema. Nilijiona mkubwa kuliko ofisi nzima, na sioni haya kulisema. Alasiri redio ilileta kipimo cha Garissa, nikakiingiza, na programu ikanitajia saa ya maji kufika. Watu wa Idsowe, kijiji cha kando ya mto, walihamisha mahindi yao maji yakiwa bado mbali, kwa sababu mimi niliwaambia.