Mkwe Aliyelala Nyuma ya Meli

Zamani mtu alipanda meli hapa Homa Bay kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda, na siku hizi wanapanda ili wazungushwe majuma matatu na kushushwa pale pale walipopandia.

Sisimulii ya kusikia, maana nimefanya kazi humo. Meli yenyewe imeandikwa ubavuni jina la kizungu ambalo sina haja ya kulitangaza. Mchana inatambaa kando ya visiwa, jioni inatia nanga kwenye ghuba tulivu, asubuhi inaendelea kutambaa. Haibebi gunia la mahindi, wala mbuzi, wala barua. Meli za ujana wangu zilijaa kuku, vitanda na wanafunzi wenye masanduku ya mbao, na kila aliyeshuka alikuwa na mtu anayemngoja gatini. Hii ya sasa inabeba watu waliochoka kukaa kwao, na wanaposhuka hawangojwi na yeyote isipokuwa muuza shanga.

Mimi nilikuwa na boti dogo la injini lililofungwa nyuma ya meli kwa kamba. Ndilo lililowapeleka wageni nchi kavu na kuwarudisha. Kwa hiyo niliwatazama kutoka chini, na mtu ukimtazama kutoka chini humwoni uso, unaona tumbo.

Siku yao ilikuwa hivi. Wanaamka, wanakula. Wakishakula wanajinyoosha kwenye viti virefu kando ya bwawa la kuogelea, maji ya bomba yaliyotiwa dawa, katikati ya ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Kabla ya adhuhuri wanakula tena, kidogo tu, wanasema, cha kusubiria chakula cha mchana. Alasiri kuna mashindano: kutupa mpira kwenye ndoo, kucheza dansi kwa mstari, kubahatisha uzito wa tikiti maji. Watu wazima wenye wajukuu wanagombana kwa sababu ya tikiti maji. Jioni wanavaa suti kwenda kula, kutoka mlango huu hadi mlango ule, na wanapigwa picha njiani kama maarusi. Na samaki waliopikiwa walitoka nje ya nchi, wamegandishwa ndani ya maboksi. Nimeyabeba maboksi hayo kwa mikono yangu, nikipita katikati ya mitumbwi ya wavuvi waliokuwa na ngege wanaorukaruka bado.

Mwenye kusimamia furaha hiyo yote alikuwa Dorine, msichana wa mjini aliyeajiriwa kushika kipaza sauti. Sidhani alikiweka chini hata alipooga.

Kati ya wageni hao alikuwemo mmoja ambaye hakuwa wa kundi lao. Huyo ni Phanice, mjane wa Muhuru Bay, muuza samaki, mwanamke mrefu asiyecheka ili kumfurahisha mtu. Alikuwa na binti mmoja tu, Liz, anayeishi Kanada na mumewe Walter, mwana wa Ndhiwa. Baba yake Liz alipofariki, binti hakuweza kuja kumzika. Kulikuwa na shida ya vibali. Sasa alikuwa amekuja, na mama alikuwa na habari za kumpa: jinsi mzee alivyougua, aliyoyasema, jinsi alivyomtaja. Hizo si habari za mezani. Husemwa mama na binti wakiwa wamelala chumba kimoja, taa imezimwa, hakuna anayemwona mwenzake machozi.

Lakini kwetu Wajaluo mama mkwe, ambaye tunamwita maro, halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Wala hali mbele yake. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, na ndiyo iliyozilinda ndoa zetu kabla hatujaanza kuzilinda kwa mawakili. Anayeivunja huleta chira, ule ugonjwa wa kukonda usio na dawa hospitalini, na mara nyingi humwangukia mtoto asiyejua lolote. Kwa hiyo Walter asingeweza kulala kwa Phanice, na Phanice asingeweza kulala Ndhiwa. Liz alifikiri sana, akapata jibu: meli. Meli si boma la mtu. Itaelea huko majini, na mambo ya maboma yatabaki nchi kavu.

Jioni ya kwanza nilikuwa nafunga kamba, nikawasikia juu yangu kwenye sitaha.

"Mama, chumba chako kiko mwisho kabisa kule," alisema Liz. "Sisi tuko huku. Katikati kuna jikoni, kuna ukumbi, kuna ngazi mbili."

Phanice aliinua macho. "Na hiyo juu ni nini?"

"Ni dari tu."

"Inaishia wapi?"

Liz akaonyesha kwa kidole upande wa chumba chao.

"Inaanzia kichwani kwangu, inaishia kichwani kwa mume wako. Hilo ni paa, Liz."

Walter akajisogeza, mikono mifukoni, kaptura yake ina picha za mananasi. "Lakini Maro, hapa tuko kwa maji. Hakuna boma hapa. Hata lango hakuna."

"Ukifa hapa, utazikwa majini?"

"La, Maro."

"Utazikwa wapi?"

"Nyumbani. Ndhiwa."

"Basi ungali wa Ndhiwa. Na urudi nyuma kidogo, umenikaribia."

Kisha akainama juu ya ukingo, akaniona. "Jaduong'," aliniita, kwa heshima anayopewa mzee, "hilo boti lako lina paa lake?"

"Lina turubai, min Liz," nilimjibu, yaani mama Liz.

"Halijaungana na hili?"

"Kamba tu."

"Kamba si paa," alisema, akaomba blanketi.

Nilikwenda kwa nahodha. Alikuwa Gichana, Mkisii, mtu wa maneno machache. Aliniambia kampuni haikubali mgeni alale nje ya meli. Nikaanza kumfafanulia mila.

"Mzee, usinisomeshe," alinikatiza. "Mama mkwe wangu nikimwona sokoni mimi huvuka barabara, hata kama kuna lori." Akageukia mitambo yake. "Sijaona kitu. Boti likiwa na mtu au halina, mimi sijaona."

Hivyo ndivyo Phanice alivyoishi katika likizo ile. Usiku alilala chini ya turubai langu, nami nikapewa godoro kwa mabaharia. Asubuhi alipanda ngazi ya kamba, blanketi limekunjwa kwapani, akaenda kula jikoni na wapishi ili asile mbele ya Walter. Wapishi walimpenda. Aliwaambia wazi wazi kwamba samaki wale hawakuwa na ladha zaidi ya sabuni.

Kumbe kuna watu wasioweza kuona heshima bila kuigeuza kuwa tamasha. Haikupita juma, wageni wakajua. Mmoja alimuuliza Dorine kama yule mama anaadhibiwa. Mwingine alidai ni mchezo ulioandaliwa na kampuni, akalalamika kwamba haukuwa kwenye ratiba. Basi Dorine akautia kwenye ratiba.

"Mabibi na mabwana! Sogeeni nyuma ya meli! Mama yetu anahamia nyumbani kwake!"

Wakajipanga ukingoni na vinywaji vyao, simu zimeinuliwa, kumtazama mwanamke wa makamo akiteremka ngazi na blanketi. Wengine walipiga makofi alipofika chini salama. Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wakishangilia mambo mengi ya kipumbavu, lakini mjane akienda kulala!

Liz alishuka akaketi naye kidogo, amejaa aibu. "Mama, wanatupiga picha."

"Wapige. Mimi sijavua nguo."

"Watu wanatucheka."

"Wewe nieleze tu kama unataka kusikia habari za baba yako."

"Nataka."

"Siku ile aliamka akaomba uji. Nikamwambia subiri—"

"Dansi ya mstari!" kipaza sauti kikanguruma. "Dansi ya mstari, na leo nahodha wetu atacheza nasi!"

Nahodha hakucheza. Lakini muziki ulipigwa hadi maji yakatetemeka, na Phanice akafunga mdomo. Ilikuwa hivyo kila siku. Akianza, kengele ya chakula. Akianza, safari ya kununua vikapu. Siku moja mama na binti walikaribia kufika mahali katika habari hizo, akatokea mgeni mmoja akaomba apige picha nao wote wawili, tena waendelee kuzungumza kama vile hayupo. Siku za likizo zikawa zinaisha, na mzee wa watu alikuwa bado hajanywa uji wake.

Mwishowe ni Walter aliyekuja na wazo, na sitaki kumnyima haki yake: lilikuwa wazo zuri. Yeye alale kwenye boti. Mama na binti walale pamoja melini. Mapaa mawili, maro na mkwe mbalimbali, hakuna aliyevunja neno. Mambo yalikuwa rahisi hivyo, na ilichukua majuma mawili kwa mwanamume mzima kufikiri kwamba yeye ndiye angeweza kukosa godoro.

Phanice alimtazama kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Utaweza?"

"Maro, mimi nimekulia Ndhiwa. Nimelala shambani nikilinda mahindi."

"Usipande juu mpaka nimetoka."

"Sipandi."

Tulikuwa tumetia nanga mbele ya Muhuru Bay kwenyewe. Walter akateremka na mto, shuka na taa ya kusomea. Hakuna aliyempigia makofi.

Asubuhi niliamka nikakuta boti halina mtu. Turubai lilikuwa jeusi, na sakafuni walikuwa wamelala wadudu wale wadogo wa ziwa, wanaopanda kutoka majini kama moshi wa shamba linalochomwa. Aliyekulia ziwani anawajua. Hawaumi wala hawang'ati. Unafunika uso, unalala.

Phanice alikuwa ametoka chumbani na binti yake, wamesimama mlangoni, macho ya Liz yamevimba kwa kulia. Yalikuwa macho mazuri kuyaona. Nikadhani kazi imekwisha. Ndipo kipaza sauti kikaamka.

"Habari za asubuhi, mabibi na mabwana! Mna habari? Bwana Walter ameshindwa na wadudu! Tumemkuta kwenye kochi la ukumbini, amekumbatia mto!"

Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika. Walter alikuwa amesimama katikati yao, alama za kochi shavuni, anacheka nao. Kisha akamwona mama mkwe wake, akaacha.

"Usiku wote?" aliuliza Phanice.

"Kama nusu, Maro. Walikuwa wananiingia puani."

"Wadudu wale hawaumi."

"Najua hawaumi."

"Ukumbini. Chini ya paa gani?"

Walter akainua macho kwenye dari. Phanice aliketi pale pale sakafuni na kunyoosha miguu mbele yake kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Dorine akashusha kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Homa Bay nikasikia maji yakigonga ubao.

"Uende kwenu," Phanice alimwambia mkwewe, bila kumtazama. "Uwaeleze wazee kilichotokea, nao watasema la kufanya. Usipige simu. Uende na miguu yako."

"Nitaenda, Maro. Lakini leo kuna ile safari ya kuona ndege."

Nakuapia, ndivyo alivyosema. Si kwamba ni mtu mbaya. Alikuwa amekula na kulala sana, na akili nayo hunenepa.

Phanice aliinuka, akaingia kuchukua mfuko wake, akatoka. "Jaduong', washa injini."

Nilishuka nikafagia wadudu kwa mkono. Alipofika chini, Liz alikuwa kileleni mwa ngazi, anashika kamba.

"Mama, hukumaliza."

"Sikumaliza."

"Ulifika alipoomba umgeuze atazame dirishani."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Si hapa, Liz. Hapa sitasema tena hata neno."

Liz alitazama nyuma, kwenye meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe. Kisha akavua viatu, akavishika kwa meno kama tulivyokuwa tukifanya utotoni tukipanda miti, akateremka. Hakuchukua sanduku. Alikuwa na gauni lake la kulalia chini ya koti, na kofia pana waliyogawiwa na kampuni.

Nilikuwa nimekwisha fungua kamba Walter alipokuja mbio ukingoni.

"Liz! Utarudi kwa chakula cha mchana?"

Aliuliza kwa dhati kabisa, maana kulikuwa na orodha, na jikoni walitaka kujua. Liz alikuwa ameketi ubavuni mwa mama yake na hakugeuka.

Walter nilimbeba hadi mwisho wa likizo. Aliona ndege. Alishinda mchezo wa ndoo, akapewa fulana. Kama alikwenda Ndhiwa baadaye kuwaona wazee, sijui, na sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumtazama tumbo.

Lakini wale wawili mara yangu ya mwisho kuwaona ilikuwa asubuhi ile ufukweni Muhuru. Phanice aliita pikipiki moja tu. Alipanda nyuma ya dereva, mfuko mapajani, na Liz akapanda nyuma ya mama yake, akamkumbatia kiuno, akaweka kidevu begani kwake. Kabla hawajafika kwenye maduka, midomo ya Phanice ilikuwa imeanza kusogea. Upepo ukaichukua ile kofia, ikabingiria barabarani mpaka kwenye mtaro, na hakuna aliyemwambia dereva asimame.