Kuku wa Faini ya Lukuledi

Bibi yangu analima mpunga bondeni Ruvuma, ila nyumba yetu iko huku juu Newala, ambako maji tunanunua kwa ndoo. Yaani bonde zima la mto tunaliona kutoka ukingoni mwa mji, na pipa letu limekauka. Nimeshazoea.

Tangu ujana wake Bibi ana kanuni moja: mto Lukuledi ukifurika kule upande wa Masasi, Ruvuma hauchelewi kufuata. Anayempa habari ni mtani wake, mzee wa Kiyao anayeishi kijijini Lukuledi. Mwaka huu alipiga simu akasema mto umemeza mahindi yake. Bibi akang'oa miche yote ya mpunga kwenye jaruba la chini, akaipandikiza kwenye la juu, mgongo unamuuma na wenzake wanamcheka.

Ruvuma haukuja. Jua likawaka, miche ikaanza kuwa njano, na Bibi akaamua kuwa mtani kamdanganya. Kwa watani hakuna kukasirika, kuna faini. Faini ni kuku, na wa kwenda kumkamata ni mimi, ambaye hata kumwambia kondakta "shusha" naona aibu, napitilizwa kituo.

Nilimkuta mzee barazani na wageni. Nikamwamkia. Maneno niliyokariri njiani yakapotea yote, nikajikuta namkimbiza tetea mwekundu bila kueleza chochote. Tukazunguka choo, tukapita jikoni, wageni hoi kwa kicheko.

"Marahaba, mjukuu wa mwizi," akasema mzee nilipomkamata kuku. "Sasa nisomee kosa langu."

Nikamsomea, ila kuku alisikika kuliko mimi. Akanipeleka shambani. Mahindi yamelala kwenye matope, na ukuta wa jiko una alama ya maji karibu na dirisha. Hakudanganya. Mito ndiyo haisikilizani tena. Alisema zamani mvua ilikuwa ya wote, siku hizi inachagua kijiji. Huku kwao imeshakata, lakini Songea, kwa binti yake, inanyesha haipumziki.

Songea! Ruvuma si unaanzia kwenye milima ya huko? Tulifundishwa kwenye jiografia. Maji hayo yalikuwa njiani, na Bibi alishaapa kurudisha miche chini kesho yake.

Mzee akampigia. Bibi akacheka, akamdai kuku wa pili kwa uongo wa pili, akakata. Mzee akapiga tena, wapi. Basi nikaomba simu mimi, kuku kwapani, watu wote wananitazama.

"Bibi, usirudishe mpunga chini. Ruvuma unakuja."

Akasema, "Wewe utani huuwezi. Basi ni kweli."

Kusema ukweli, iliniuma kidogo.

Ruvuma ulikuja jua likiwa kali, hakuna wingu hata la kuazima. Ulifunika majaruba ya chini, ukapanda hadi kwenye miche ya Bibi, ukainywesha miguuni, ukaishia hapo. Wenzake wakaja kuomba miche iliyobaki. Aliwapa, na maneno juu.

Mtani naye akadai kuku wake, ambaye tulishamla. Bibi akamjibu kuwa ile faini ilikuwa ya mto Lukuledi, kwa kutangulia bila mwenzake. Lakini asubuhi nikamkuta anafunga jogoo kwenye tenga.

"Mpelekee," akaniambia. "Na safari hii anza kwa maneno, ndipo ukimbie."